Utepe wa kufungia ekzosi: kinga ya mtaji au kutu iliyofichwa?

SOMO LA WIKI

Biashara ya kusafirisha abiria na mizigo kati ya Kilosa na Mikumi mara nyingi hufia gereji, hata pale mzigo ulipo. Gari hukaa siku tatu likisubiri mpira wa rejeta. Wiki inayofuata nyaya za starta zinaungua. Mwezi haujaisha, gasketi ya manifoldi inaanza kupuliza. Mwenye gari akifungua daftari anakuta mapato yapo, lakini faida haionekani.

Chanzo kimojawapo cha gharama za namna hiyo ni joto linalotoka kwenye ekzosi. Dawa ambayo wauzaji wa vipuri huisifia ni utepe wa kuzuia joto, unaozungushwa kwenye bomba mithili ya bendeji kwenye mguu. Muuzaji husema utepe huo huongeza nguvu, hupunguza mafuta na kuilinda injini. Fundi wa upande wa pili husema huozesha bomba. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na mwenye mtaji mdogo hana budi kujua ni sehemu ipi kabla hajatoa fedha mfukoni.

Utepe wenyewe ni kitu gani

Utepe wa kawaida umefumwa kwa nyuzi za kioo, yaani faibaglasi. Aina ya bei ya juu zaidi hufumwa kwa nyuzi zinazotokana na mawe ya volkano yaliyoyeyushwa. Huuzwa kwa roli, na roli iliyozoeleka ina upana wa milimita 50 na urefu wa mita 15. Hufungwa kwa vibanio vya chuma kisichoshika kutu.

Utepe wa faibaglasi huhimili joto la mfululizo la takribani nyuzi 550 hadi 650 za Sentigredi, na ule wa nyuzi za mawe huhimili zaidi ya hapo. Tofauti hii ni muhimu. Moshi wa injini ya dizeli iliyobeba shehena mlimani unaweza kupita nyuzi 600, na wa injini ya petroli inayokamuliwa huweza kufika 800 au zaidi. Utepe wa bei ya chini ukifungwa karibu kabisa na injini ya namna hiyo hukauka, hukatika na kumwagika kama unga.

Joto linakwenda wapi

Kwa hesabu ya jumla, nishati ya mafuta yanayoungua ndani ya injini hugawanyika karibu mafungu matatu. Fungu moja husukuma gari. Fungu la pili huchukuliwa na maji ya rejeta na upepo. Fungu la tatu hutoka na moshi kupitia ekzosi. Mwenye gari anayelipia lita 60 za dizeli, karibu lita 20 anazitoa nje kama joto la moshi.

Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakidhani kuwa kulifunga bomba ni kuzirudisha lita hizo. Sivyo. Utepe haurudishi joto ndani ya injini. Unalizuia tu lisitoke kwenye ukuta wa bomba, kwa hiyo moshi unabaki wa moto zaidi na bomba lenyewe linakuwa la moto zaidi. Kwa lugha ya wahasibu, utepe hauongezi mapato. Unahamisha deni kutoka akaunti ya nyaya, mipira na sakafu ya gari, na kulipeleka kwenye akaunti ya bomba. Swali la biashara ni moja tu: je, deni hilo ni nafuu zaidi likiwa upande wa bomba?

Yapo mazingira ambamo jibu ni ndiyo, na ushahidi wake ni wa muda mrefu. Injini za reli za mvuke, ambazo zilipita Kilosa kwa miongo mingi kwenye Reli ya Kati, zilifunikwa boila zao kwa tabaka la kuzuia joto, kwa sababu joto la boila ndilo lililozalisha nguvu. Melini, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka sehemu za moto zaidi ya nyuzi 220 ambazo zinaweza kurukiwa na mafuta zifunikwe. Malori mapya ya nchi za Ulaya nayo hutoka kiwandani na sehemu ya ekzosi iliyokingwa, ili mtambo wa kusafisha moshi ubaki wa moto na ufanye kazi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika mifano yote hiyo kinga hiyo hufunikwa kwa bati au kuwekwa mahali pasipofikiwa na maji, matope wala mafuta. Utepe wa gereji huachwa wazi.

Faida zilizo za kweli

Faida ya kwanza ni kushusha joto la eneo la injini. Nyaya nyingi za gari zimevishwa plastiki inayovumilia nyuzi 70 hadi 105 tu. Waya uliopita sentimita chache kutoka kwenye manifoldi hukauka, hupasuka na hatimaye hugusana na chuma. Kwa magari ya mtindo wa Hiace, ambayo injini iko chini ya kiti cha dereva, nafuu huonekana hata kwa dereva mwenyewe, ambaye hushinda amekalia joto hilo kutwa nzima.

Faida ya pili ni kwa injini yenye tabo. Tabo huzungushwa na moshi, na moshi wa moto zaidi una nguvu zaidi ya kuizungusha. Kufunga kipande kifupi kati ya manifoldi na tabo kunaweza kuifanya iitike mapema kidogo dereva anapokanyaga mafuta. Ni tofauti ya wepesi wa kuitika, na haitarajiwi kuongeza tani za mzigo.

Faida ya tatu ni hewa ya baridi kuingia ndani ya injini. Hewa ya nyuzi 40 ni nzito kwa takribani asilimia 3 kuliko ya nyuzi 50, na hewa nzito ina oksijeni nyingi zaidi. Lakini faida hii hupatikana tu endapo injini inavuta hewa yake kutoka chini ya boneti. Lori lenye bomba refu la hewa nyuma ya kabini, au Land Cruiser yenye bomba la pembeni ya kioo, tayari inavuta hewa ya nje. Mwenye gari la namna hiyo akiuziwa utepe kwa hoja ya hewa baridi, ameuziwa kitu alicho nacho tayari.

Kuhusu kupungua kwa matumizi ya mafuta, busara ni kuweka sifuri kwenye hesabu mpaka daftari lithibitishe vinginevyo. Kipimo chake ni rahisi. Gari lijazwe tangi, lisafiri safari tano kwa dereva yule yule, njia ile ile na uzito ule ule, kisha lijazwe tena. Zoezi hilo lirudiwe baada ya kufunga. Tofauti isiyoonekana kwenye daftari haimo mfukoni.

Hasara zinazojificha

Hasara ya kwanza ni kutu. Utepe uliolowa hukaa na unyevu kama kitambaa cha kudekia, na bomba la chuma cha kawaida lililozungukwa na unyevu huliwa upande usioonekana. Bomba lililo wazi hupata maji vile vile, lakini hukauka dakika chache baada ya gari kuwashwa. Lililofungwa huchelewa kukauka, hasa upande wa nyuma ambako joto ni dogo.

Hasara ya pili ni bomba kuzidiwa na joto. Chuma cha kawaida kikikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 550 huanza kutoa magamba na kupungua unene. Aidha, chuma hutanuka: bomba la urefu wa mita 1 likipata ongezeko la nyuzi 500 hurefuka kwa takribani milimita 6. Bomba likiwa la moto zaidi hutanuka zaidi, na mzigo wa mtanuko huo huangukia kwenye bolti, gasketi na sehemu zilizochomelewa. Manifoldi ya chuma cha kusubu ikifungwa kipande na kuachwa kipande hupata joto lisilolingana, na huko ndiko nyufa huanzia.

Hasara ya tatu ni moto, na hii ndiyo inayoweza kumaliza mtaji wote kwa saa moja. Utepe wa kioo wenyewe hauungui, lakini unanyonya. Ukidondokewa na mafuta ya injini kutoka kwenye gasketi mbovu, au na dizeli kutoka kwenye bomba lililolegea, unageuka kuwa utambi uliofungwa kwenye jiko. Injini inayovuja haistahili kufungwa utepe mpaka mvujo wake uzibwe.

Hasara ya nne ni kuficha ubovu. Ufa kwenye bomba lililo wazi huonekana kwa alama nyeusi ya masizi. Chini ya utepe ufa huo hukua kimya kimya, na moshi wenye sumu ya kaboni monoksaidi unaweza kuingia ndani ya gari lenye abiria.

Sehemu nyingine hazifungwi kabisa. Sailensa haifungwi. Kisafisha moshi, ambacho mafundi wengi hukiita masega, hakifungwi kwa utepe wa mtaani, kwani hutoa joto lake chenyewe na likizidi hukiyeyusha. Sensa ya oksijeni na waya wake huachwa wazi.

Barabara mbili, hesabu mbili

Mikumi iko kwenye barabara kuu ya TANZAM, inayopasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Gari la mizigo linaloelekea Iringa hutembea kwenye lami, kisha hukutana na milima ya Iyovi na, mbele ya Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga. Hapo injini hufanya kazi nzito kwa mwendo mdogo, upepo ni haba na joto hukusanyika. Kwa lori la namna hiyo, lenye tabo na lisilovuja, kipande kifupi cha utepe bora karibu na tabo kina hoja.

Kilosa ina hali tofauti. Gari linalohudumia Ulaya, Kimamba, Rudewa na vijiji vya mabonde hupita vumbi wakati wa kiangazi, na matope na madimbwi wakati wa masika. Maji katika wilaya hiyo si jambo dogo: mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba hata njia ya reli. Bomba lililofungwa utepe likizama kwenye dimbwi hubeba maji na udongo hadi jioni. Kesho yake hulowa tena kabla halijakauka vizuri.

Tena, biashara ya barabara Kilosa haina nafasi kubwa ya makosa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa inapita wilayani humo ikiunganisha Dar es Salaam na Dodoma. Safari fupi za kutoa na kuingiza watu na mazao vijijini ndizo zinazobaki kuwa mkate wa mwenye gari dogo, na nauli zake haziwezi kubeba ekzosi mpya kila mwaka na nusu.

Suala la nyasi kavu nalo hutajwa sana katika maeneo ya mbuga. Ni kweli kwamba nyasi zilizokwama juu ya bomba la moto au masega zinaweza kuwaka. Hata hivyo, utepe si dawa yake, kwa sababu masega yenyewe hayafungwi. Dawa ni kuinama na kuzitoa nyasi kila baada ya kupita porini, na kutoegesha gari juu ya nyasi ndefu. Kazi hiyo haina gharama.

Kwa upande wa bodaboda, bomba la pikipiki huwaunguza abiria wengi ndama za miguu. Bati la kinga linalotoka kiwandani, ambalo baadhi ya madereva hulingoa, hufanya kazi nzuri kuliko utepe unaochuruzika maji. Kulirudisha bati hilo ndiyo njia ya busara.

Hesabu ya mfano

Takwimu zifuatazo ni za kufundishia tu, si bei za soko. Kila mwenye gari aweke za kwake.

Tuseme ekzosi mpya ni Sh. 300,000 na kwa kawaida hudumu miezi 36. Gharama yake kwa mwezi ni Sh. 8,333. Utepe pamoja na ufundi ni Sh. 120,000. Joto linaharibu nyaya na mipira ya Sh. 60,000 kila baada ya miezi mitatu, yaani Sh. 20,000 kwa mwezi.

Hali ya kwanza, njia ya matope. Ekzosi iliyofungwa inadumu miezi 18. Gharama ya ekzosi na utepe ni Sh. 420,000 kugawanya kwa 18, sawa na Sh. 23,333 kwa mwezi. Nyongeza ni Sh. 15,000. Endapo utepe utazuia uharibifu wote, mwenye gari atabakiwa na Sh. 5,000 kwa mwezi. Endapo uharibifu ulikuwa wa kila miezi sita badala ya mitatu, yaani Sh. 10,000 kwa mwezi, atakuwa amepata hasara ya Sh. 5,000.

Hali ya pili, njia ya lami na ukavu. Ekzosi iliyofungwa inadumu miezi 30. Gharama ni Sh. 14,000 kwa mwezi, nyongeza ikiwa Sh. 5,667. Faida inapanda hadi Sh. 14,333 kwa mwezi.

Hali ya tatu, bati badala ya utepe. Fundi bati anatengeneza kinga ya Sh. 60,000 inayosimama kati ya bomba na nyaya bila kuligusa bomba. Inadumu miezi 36, sawa na Sh. 1,667 kwa mwezi. Hata ikizuia nusu tu ya uharibifu, yaani Sh. 10,000, faida ni Sh. 8,333 kwa mwezi. Kwenye njia ya matope, bati limeushinda utepe, na bomba linabaki wazi kukaguliwa.

Fundisho la hesabu hii ni kwamba bei ya utepe haiamui sana. Kinachoamua ni umri wa bomba baada ya kufungwa, na umri huo unategemea maji. Mwenye gari anayesahau kuuandika umri huo ataona faida mwaka wa kwanza na kuilipa yote mwaka wa pili.

Kwa mwenye duka la vipuri

Mfanyabiashara anayefikiria kuweka bidhaa hii dukani afahamu kuwa wateja wake wa kweli ni wachache: malori yenye tabo, magari yenye injini chini ya kiti, na jenereta au mashine za kusaga zilizo chini ya paa. Roli chache zinatosha kupima soko. Roli moja ya mita 15, ikizungushwa kwa kupishana milimita 6, hufunika takribani mita 4 za bomba la kipenyo cha milimita 50. Mteja akijua hilo hanunui pungufu, naye muuzaji halaumiwi.

Utepe usio na maandishi ya kiwango cha joto usinunuliwe hata ukiwa rahisi. Utepe au kamba ya zamani yenye asbesto iepukwe kabisa, kwa kuwa vumbi lake husababisha saratani. Hata faibaglasi huwasha ngozi na koo, hivyo glovu, miwani na kitambaa cha pua viuzwe pamoja nayo. Mteja aelezwe pia kuwa utepe hutoa moshi mara ya kwanza unapopata joto, na kwamba gari liwashwe mahali pa wazi.

Kabla ya kulipa

Mwenye gari ajiulize maswali matano. Je, injini inavuja mafuta popote? Ikiwa ndiyo, avujo huo uzibwe kwanza. Je, bati la kinga la kiwandani lipo? Ikiwa halipo, lirudishwe kabla ya kununua kitu kingine. Je, gari bado lina dhamana ya muuzaji? Mabadiliko kwenye ekzosi yanaweza kuivunja. Je, gari hulowa mara nyingi kwa wiki? Ikiwa ndiyo, bati ni bora kuliko utepe. Je, daftari linaonyesha ni kiasi gani joto limegharimu kwa miezi sita iliyopita? Ikiwa hakuna daftari, fedha ya utepe inunue daftari kwanza.

Atakayeridhika na majibu yote na kuamua kufunga, afunge kipande kifupi chenye sababu, si bomba zima kwa ajili ya kupendezesha. Aufungue utepe na kukagua bomba angalau mara moja kwa mwaka, mara tu masika yanapokwisha. Gharama ya ukaguzi huo iingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.